Chawa wa Kichwa kwa Watoto wa Shule: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mzazi akikuta chawa kichwani mwa mwanawe, maswali mawili humjia kwa pamoja. La kwanza hulitamka: nitumie dawa gani? La pili hubaki moyoni: nimekosea wapi katika malezi? Nimejaribu kuyajibu yote mawili hapa, na hilo la pili nimelipa nafasi kubwa makusudi, kwa sababu aibu huwafanya watu wafiche, na chawa anayefichwa huendelea kuzaana.

Chawa wa kichwa ni mdudu gani hasa?

Ni mdudu mdogo mwenye miguu sita, asiye na mabawa, anayeishi kwenye nywele za binadamu na kunyonya damu kwenye ngozi ya kichwa mara kadhaa kwa siku. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, kama mbegu ya ufuta. Kila mguu wake una kucha iliyopinda kama ndoana, na ndoana hiyo imelingana na unene wa unywele, ndiyo maana kuoga au kuogelea hakumng'oi.

Jike hutaga mayai hadi 8 kwa siku na huishi takriban mwezi mmoja. Kila yai hulibandika kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ambako kuna joto, kwa gundi ambayo maji na sabuni haviwezi kuiyeyusha. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga anahitaji siku nyingine 9 hadi 12 kabla ya kuanza kutaga. Zikariri siku hizo, kwa sababu ratiba nzima ya tiba inatokana nazo.

Mtoto wangu anaoga kila siku. Amewezaje kupata chawa?

Kwa sababu uchafu hauhusiki. Chawa anatafuta damu na joto, na vyote viwili anavipata sawasawa kwenye kichwa kilichooshwa leo asubuhi na kwenye kichwa ambacho hakijaguswa na maji wiki nzima.

Kuna ushahidi wa zamani sana ninaoupenda. Mwaka 2022 wanaakiolojia walichapisha maandishi waliyoyasoma kwenye kitana kidogo cha pembe ya ndovu kilichofukuliwa Lachish, mji wa kale wa Wakanaani ulioko katika Israeli ya leo. Kitana hicho kinakadiriwa kuwa cha takriban mwaka 1700 kabla ya Kristo, na kimechongwa ombi fupi: pembe hii na iwang'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Kati ya meno yake yakakutwa mabaki ya chawa mwenyewe. Nchi hiyo haikuwa na tembo wakati huo, hivyo pembe ilitoka mbali na ilikuwa bidhaa ya gharama. Mwenye kitana hakuwa fukara, na kichwa kilimwasha kama wengine.

Basi kwa nini watu wengi wanaamini ni ugonjwa wa wachafu?

Nadhani ni kwa sababu ya ndugu yake. Chawa wa mwili hukaa na kutaga kwenye mishono ya nguo, na huenda mwilini kunyonya tu. Huyo kweli hustawi pale watu wasipoweza kubadili wala kufua nguo: vitani, kwenye kambi za wakimbizi, magerezani, kwa wanaolala nje. Tena ni hatari. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, alionyesha kwamba chawa wa mwili ndiye anayeeneza homa ya tifasi, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Vita na njaa vilipokuja, tifasi iliua watu wengi mno, na jina la chawa likafungwa pamoja na uchafu na kifo.

Chawa wa kichwa alirithi sifa mbaya isiyo yake. Haishi kwenye nguo, na hajulikani kueneza tifasi wala ugonjwa mwingine. Jina tu ndilo walilogawana, na mtoto wa darasa la pili ndiye anayelipa.

Anatokaje kichwa kimoja hadi kingine? Anaruka?

Haruki, kwa maana zote mbili za neno hilo: hana mabawa ya kupaa wala miguu ya kuchupa. Anatambaa. Anashika unywele wa kichwa kingine vichwa vinapogusana, na hivyo ndivyo maambukizi mengi hutokea: watoto wawili wakiinamia kitabu kimoja au simu moja, wakilala kitanda kimoja, wakikumbatiana, wakisukana.

Kofia, mitandio, taulo na vitana vya kuazimana vinaweza kumhamisha, ila ni mara chache zaidi. Akianguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku moja hadi mbili kwa kukosa damu. Mbwa na paka hawahusiki kabisa. Chawa wa binadamu haishi kwa mnyama.

Kwa nini watoto wa shule, na kwa nini wasichana zaidi?

Wanaoathirika zaidi ni wa umri wa miaka 3 hadi 11, umri wa kucheza vichwa vikiwa pamoja. Marekani peke yake mamlaka za afya hukadiria kati ya watoto milioni 6 na 12 wa umri huo kila mwaka, na hiyo ni nchi tajiri yenye maji ya bomba karibu kila nyumba.

Wasichana huongoza katika tafiti za nchi nyingi. Sababu inayotajwa zaidi ni namna wanavyokaa: karibu karibu, wakinong'onezana, wakichezeana nywele. Nywele ndefu huchangia pia, na humfanya chawa achelewe kuonekana. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye marafiki wengi wanaompenda ana nafasi kubwa zaidi ya kupata chawa kuliko mtoto anayekaa peke yake. Mwambie mwanao hivyo. Ni kweli, na itampunguzia uchungu.

Umaskini una mchango gani?

Swali hili hukwepwa, na kulikwepa kunawaumiza watu. Umaskini haumleti chawa. Unamchelewesha kuondoka.

Fikiria nyumba mbili. Ya kwanza ina watoto wawili, kila mmoja na kitanda chake. Mama anaona chawa Jumamosi, anakwenda duka la dawa, ananunua chupa mbili na kitana cha chuma, na wiki mbili baadaye habari imekwisha bila jirani kujua. Ya pili ina watoto watano wanaolala kitanda kimoja. Dawa inayotosha vichwa vyote, tena mara mbili, ni pesa ya matumizi ya siku kadhaa. Mzazi anarudi kazini usiku, taa ni hafifu, maji yanachotwa mbali, na kuchana kichwa kimoja vizuri kunachukua karibu saa nzima. Anamtibu yule anayejikuna zaidi, kwa nusu chupa. Baada ya siku kumi chawa wamerudi kutoka kwenye vichwa vilivyobaki.

Chawa waliingia nyumba zote mbili wiki ileile. Lakini darasa litamwona mtoto wa nyumba ya pili akijikuna muhula mzima, na litahitimisha kwamba chawa ni wa watu wa kwao. Tunachokiona ni muda waliokaa, tunadhani tumeona chanzo.

Mambo mengine ya kijamii yanayojitokeza ni haya: wingi wa watoto katika chumba cha kulala, mabweni yenye vitanda vilivyobanana, familia zilizohamahama na zisizo na kituo cha afya cha kudumu, na nyumba ambayo hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kuketi na mtoto na kumwangalia nywele. Hilo la mwisho lina upande ambao hausemwi sana. Kazi ya kuchambua nywele huachiwa akina mama, na lawama pia huachiwa wao. Baba anayelea binti peke yake huenda hajawahi kufundishwa kushika nywele za msichana, naye huona haya kuuliza. Shule inayotaka kusaidia ianzie hapo: vitana vichache vya kuazimisha kwa siri na mtu wa kumwonyesha mzazi namna ya kuvitumia, vitafanya mengi kuliko barua ya onyo.

Nitajuaje kama mtoto ana chawa?

Usingoje ajikune. Kuwashwa ni ngozi kuyakataa mate ya chawa, na kwa mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Wengine hawawashwi kabisa. Dalili nyingine ni kuhisi kitu kinatembea, kulala vibaya, na vidonda vidogo vya kujikuna.

Njia ya kuaminika ni kitana cha meno yaliyobanana sana, yenye nafasi isiyozidi milimita 0.3 kati ya jino na jino. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi ili chawa apunguze mwendo, zigawe kwa mafungu, kisha vuta kitana kutoka kwenye ngozi hadi ncha. Kila ukivuta, kifute kwenye kitambaa cheupe na utazame. Tumia muda mwingi nyuma ya masikio na kisogoni. Fanya hivyo kwenye mwanga wa jua au chini ya taa kali; macho matupu kwenye chumba chenye giza hukosa chawa wengi.

Ni mayai ya chawa au ni mba?

Jaribu kukisogeza kwa kucha. Mba hupeperuka au huteleza kirahisi. Yai la chawa limeganda upande mmoja wa unywele na haling'oki bila kulivuta kwa nguvu hadi mwisho. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba ambapo nywele zimekatika, hayo huenda ni mapunye, ugonjwa wa fangasi wenye tiba yake tofauti, na dawa ya chawa haitayasaidia.

Nimekuta mayai tu, sijaona chawa. Nimtibu?

Bado. Kinachothibitisha ni chawa aliye hai. Yai lenye uhai kwa kawaida liko ndani ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi na lina rangi ya kahawia hivi. Maganda matupu ni meupe na huonekana mbali zaidi kwa sababu yanasogea nywele zinapokua. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ganda lililo sentimita tatu kutoka kwenye ngozi limekaa hapo miezi mitatu hivi. Hilo ni kumbukumbu tu. Ukiona mayai karibu na ngozi, endelea kukagua kwa kitana kila baada ya siku mbili tatu.

Dawa ipi inafaa?

Inayopatikana kwa wingi ni losheni ya permethrini ya asilimia 1. Ni kemikali iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, na inaruhusiwa kwa watoto kuanzia umri wa miezi 2. Hupakwa kwenye nywele zilizooshwa kwa shampuu isiyo na kondishena na kufutwa maji, huachwa dakika 10, kisha husuuzwa. Suuza mtoto akiwa ameinama juu ya beseni, ili dawa isienee mwili mzima, na usimwoshe nywele tena kwa siku moja hadi mbili. Permethrini haiui mayai yote. Ndiyo sababu ya dozi ya pili, siku ya 9: wakati huo yaliyobaki karibu yote yameanguliwa, na waliotoka hawajafikia umri wa kutaga. Anayeruka dozi ya pili ameacha kazi njiani.

Dimethikoni ni mafuta ya silikoni yanayomfunika chawa hadi afe. Haiui kwa kushambulia neva kama permethrini, hivyo haisumbuliwi sana na usugu, yaani chawa kuizoea dawa. Baadhi ya chapa zake zinashika moto kirahisi kabla ya kukauka. Mtoto akae mbali na jiko, mshumaa na sigara. Zipo pia losheni za ivermektini na spinosadi, ambazo katika nchi zinakopatikana hutumika kuanzia miezi 6. Vidonge vya ivermektini ni vya daktari kuandika, na havipewi mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15. Losheni ya malathioni ipo, nayo ni ya watoto wakubwa zaidi na inawaka moto. Ukiona bado kuna mtu anauza lindani kwa ajili ya chawa, usiinunue. Inadhuru mfumo wa neva na kusababisha degedege.

Soma umri na uzito kwenye karatasi ya dawa, na mwambie mfamasia kama mtoto ana pumu au vidonda kichwani. Mama mjamzito au anayenyonyesha aulize kabla ya kujipaka chochote.

Nimetumia dawa na bado wapo. Kwa nini?

Mara nyingi ni moja kati ya haya: dawa ilikuwa kidogo kuliko nywele, ilipakwa kwenye nywele zenye kondishena, dozi ya pili ilisahauliwa, au mtoto ameambukizwa upya na ndugu au rafiki ambaye hakuangaliwa. Lakini pia kuna usugu wa kweli. Sehemu nyingi duniani chawa wamezoea permethrini kwa mabadiliko ya vinasaba, na hapo mzazi hana kosa lolote.

Kipimo ni hiki. Chana saa 8 hadi 12 baada ya kupaka. Ukikuta wachache wanaojikokota, dawa inafanya kazi, endelea kuwatoa kwa kitana. Ukiwakuta wanakimbia kama hakuna kilichotokea, usirudie dawa ileile kwa hasira. Badili aina, au hamia kwenye kuchana.

Naweza kuwamaliza kwa kuchana tu, bila dawa?

Unaweza, kama una subira. Chana nywele zikiwa zimelowa na kondishena, kichwa kizima, kila baada ya siku tatu au nne kwa muda wa wiki mbili angalau. Ratiba inayotumika sana ni siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, kisha ukaguzi siku ya 17. Kila mara unawatoa waliokwisha kuanguliwa kabla hawajataga. Kwa watoto wachanga, na kwa familia isiyoweza kununua dawa ya watu wote, naiona kuwa njia bora. Inadai muda, na muda, kama nilivyosema, si kila nyumba inao.

Nywele zimesukwa, au ni za kipilipili zilizosongamana. Nifanyeje?

Misuko ifumuliwe. Dawa haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa na msuko, na kitana hakipiti. Naelewa kwamba msuko ni gharama na ni saa nyingi za kazi. Bado ni afadhali ufumuliwe sasa kuliko kutibu mara tatu.

Nywele zilizojikunja sana zishughulikiwe zikiwa zimelowa na kulainishwa kwa kondishena nyingi. Tumia kwanza chanuo la meno mapana kuondoa mafundo, kisha gawa vifungu vidogo, vibane pembeni, na upitishe kitana cha chawa kwenye kifungu kimoja kimoja. Usivute kwa nguvu, mtoto aliyeumizwa leo hatakaa kesho. Msusi anayegundua chawa amwambie mzazi faraghani, aloweke vifaa vyake kwenye maji ya moto, na asimtangaze mtoto mbele ya wateja.

Nimeambiwa mafuta ya taa au dawa ya mbu huwaua mara moja. Ni kweli?

Usithubutu. Mafuta ya taa na petroli huunguza ngozi, mvuke wake huingia mapafuni, na cheche moja ya jiko inatosha kumwasha mtoto moto. Dawa za kupulizia mbu na viuatilifu vya shambani hupenya kwenye ngozi ya kichwa, hasa ikiwa na vidonda vya kujikuna, na vinaweza kumtia mtoto sumu hadi afe. Wanaotoa ushauri huu wengi wao wana nia njema na wanajua bei ya dawa halali. Hata hivyo katika hili sina lugha ya kati: chawa hajawahi kuwa hatari kama dawa hiyo.

Siki, mayonezi na mafuta ya kula havina ushahidi wa kutosha kwamba vinaua chawa. Mafuta yanaweza kurahisisha kuchana, basi.

Kwa nini nisimnyoe tu?

Kunyoa kunafanya kazi, kwa kuwa chawa hana pa kushika. Mvulana aliyezoea kunyolewa na asiyejali, mnyoe. Msichana anayependa nywele zake, au mtoto yeyote anayelia akiomba asinyolewe, atakumbuka siku hiyo maisha yake yote, na darasa zima litajua kwa nini kichwa chake ni kitupu. Kumnyoa mtoto shuleni kwa nguvu, mbele ya wenzake, hakustahili kuitwa hatua ya usafi. Ni adhabu kwa mtu asiye na kosa.

Nifue nyumba nzima?

Hapana. Shughulika na vilivyogusa kichwa katika siku mbili zilizotangulia tiba: foronya, mashuka, taulo, kofia, mtandio. Fua kwa maji ya moto ya nyuzi 54 au zaidi na uanike juani. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki mbili. Vitana na chanuo viloweke kwenye maji ya moto kiasi hicho kwa dakika 5 hadi 10. Hakuna haja ya kupulizia dawa magodoro wala viti. Chawa huko anakufa mwenyewe, na sumu inabaki kwa walalaji. Nguvu zako zitunze kwa ajili ya kitana.

Watu wengine wa nyumbani nao watibiwe?

Wakaguliwe wote siku moja, wakubwa kwa wadogo, pamoja na dada wa kazi na bibi anayelala na wajukuu. Mwenye chawa hai atibiwe siku hiyohiyo. Anayelala kitanda kimoja na mwenye chawa ni busara atibiwe pia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa methali ni maelezo ya tiba neno kwa neno: kichwa kimoja kikitibiwa na vinne vikaachwa, hujafanya kitu.

Mtoto abaki nyumbani mpaka apone?

Hapana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilirudia mwongozo huo mwaka 2022, na huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inasema vivyo hivyo: mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu ya chawa wala mayai yake. Hoja yao ni rahisi. Siku chawa wanapogunduliwa, mtoto huwa amekaa nao mwezi mmoja au zaidi, darasani humohumo. Kumtoa saa nne asubuhi hakubadili lolote kwa wenzake. Amalize siku, atibiwe jioni, arudi kesho.

Bado zipo shule zinazomrudisha mtoto nyumbani mpaka asionekane na yai hata moja. Kanuni hiyo huhukumu maganda matupu, yasiyomwambukiza mtu, na huwanyima masomo hasa wale ambao kwao kuyaondoa huchukua muda mrefu. Tumekwisha kuona ni akina nani.

Mimi ni mwalimu. Nimemwona chawa kichwani mwa mwanafunzi. Nifanye nini?

Endelea kufundisha. Usimhamishe dawati, usimwite mbele, usikague darasa zima kwa mstari huku wengine wakitazama. Kila anayetolewa kwenye mstari ameshahukumiwa. Mwisho wa siku zungumza na mzazi ana kwa ana au kwa simu. Kisha wapelekee wazazi wote wa darasa taarifa fupi isiyo na jina la mtoto, yenye maelezo ya kukagua kwa kitana, na uwaombe wote wakague wikendi ileile. Wikendi moja ya pamoja ina nguvu kuliko mwezi wa kila mtu kwa wakati wake.

Nitawaambiaje wazazi wenzangu bila kuaibika?

Kwa ufupi na bila kuomba radhi, kwa kuwa hujakosa. Kwa mfano: "Salaam wazazi wenzangu. Jana tumekuta chawa kichwani mwa mtoto wetu na tumeanza tiba. Kwa kuwa watoto wanacheza pamoja, tafadhali wakagueni wenu kwa kitana, nyuma ya masikio na kisogoni. Aliye na swali anipigie." Mara nyingi ujumbe kama huo hujibiwa na mzazi mwingine aliyekuwa amenyamaza wiki mbili.

Wenzake wanamcheka. Nimsaidieje?

Anza na uso wako. Ukishtuka na kusema "Ewe, umeniletea nini nyumbani?", ameshajifunza kwamba yeye ndiye tatizo. Keti naye, mwonyeshe chawa kwenye kitambaa cheupe, mweleze anavyoishi. Watoto wengi huvutiwa kuliko kuogopa.

Kumbuka pia neno lenyewe lina uzito. Siku hizi mtu anayejikomba kwa wakubwa huitwa chawa, na mtoto amesikia likitamkwa kwa dharau. Mpe maneno yake ya kujibu: "Chawa hachagui kichwa. Mimi nimeshatibiwa, wewe umekaguliwa?" Akitengwa, akianza kukataa shule au kuvaa kofia ndani ya nyumba, mwone mwalimu mapema. Chawa huisha kwa wiki mbili. Jina la utani linaweza kumfuata mpaka amalize shule.

Ni wakati gani wa kwenda kituo cha afya?

Vidonda vikitoa usaha au vikipata magamba ya rangi ya asali, tezi za shingo zikivimba, au mtoto akipata homa: hayo ni maambukizi ya bakteria walioingia kwa kujikuna, na yanahitaji dawa nyingine. Nenda pia ukiona chawa kwenye kope, mtoto akiwa chini ya miezi 2, au chawa wakiwa wengi mno na mtoto amepauka na kulegea, kwa kuwa wingi wa muda mrefu unaweza kuchangia upungufu wa damu.

Nitajuaje wamekwisha?

Maganda yanaweza kubaki miezi; hayo usiyahesabu. Baada ya dozi ya pili, chana kichwa kizima mara mbili, kwa kuachanisha siku tatu au nne. Usipokuta chawa hai katika ukaguzi wote wawili, wamekwisha. Kisha kitana kisipotee: mara moja kwa wiki, siku ya kuosha nywele, na tena jioni ya kabla ya shule kufunguliwa.